Je, Wajua? Geuza Picha Uone Mgongo Wake

Je, wajua kwamba Nduguti hakuna jumba la maonyesho ya sanaa? Najua wajua. Makao makuu ya Wilaya ya Mkalama yana halmashauri, stendi, mashine za kukamua alizeti na vibanda vya kuchaji simu, na wilaya yenyewe bado changa, imemegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Anayetaka kuona picha zimetundikwa ukutani, na watu wamesimama mbele yake wameshika viuno, hana budi ashike barabara ya Iguguno, atokeze kwenye lami, afike Singida mjini, kisha ahesabu kilomita zinazokaribia 700 hadi Dar es Salaam. Mimi nilizihesabu. Safu ya leo imetoka kwenye safari hiyo, na mahali itakaporukaruka, ilaumu basi.

Je, wajua kwamba kuchora ilikuwa kazi ya kisu kabla ya kuwa kazi ya brashi? Fundi wa milango ya Zanzibar na Lamu huchora nakshi kwa patasi, wala hana kopo la rangi. Kuchora kwa asili ni kukata alama juu ya kitu. Penseli imekuja baadaye ikakuta neno limeshakaa.

Je, wajua kwamba tingatinga ni mtu? Mwambie mkazi wa Nduguti neno hilo, atageuka kutazama barabarani kama greda limekuja kuchonga njia. Lakini Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, kusini kabisa, akafanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaja Dar es Salaam akawa mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakuwa amekaa darasa lolote la sanaa. Picha zake ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, mahali ambapo wageni walikuja kununua mkate na siagi wakaondoka na fisi.

Je, wajua alichorea nini? Rangi ya kung'aa, ile iliyokuwa ikiuzwa kwa ajili ya kupaka baiskeli. Na alichorea juu ya nini? Ubao mgumu wa kupigia dari. Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi wakizungumzia mtindo wa Tingatinga huanza na chui, na mimi nadhani inafaa kuanza na ubao.

Picha nyingi za mwanzo za Tingatinga ni za mraba, sentimita 60 na kidogo kila upande, yaani futi mbili kwa mbili. Shiti ya ubao wa futi nne kwa nane ukiipiga msumeno kwa kipimo hicho unapata vipande vinane, hakibaki hata kibanzi cha kutupa. Fundi dari yeyote wa Mkalama angelijua jibu kabla sijamaliza swali. Sasa mweke mnyama mmoja ndani ya mraba huo. Ukitaka tembo mzima, itabidi mkonga umkunjie chini na mkia umbane pembeni. Mnyama anajaa hadi kwenye kona, hakuna nafasi ya mlima nyuma yake wala mstari wa upeo wa macho. Wageni walisema huo ni mtindo. Ni mtindo kweli, ila umeshirikiana na msumeno.

Rangi nayo ina tabia zake. Ile ya baiskeli ukiiwahi ikiwa mbichi unaweza kuitandaza kutoka bluu kwenda nyeupe, ikawa mbingu. Ikishakauka haikubali kurudi nyuma, inakuwa ngumu na laini kama sahani ya bati. Kwa hiyo picha inajengwa tabaka juu ya tabaka: nyuma kwanza, ikauke, mwili wa mnyama, ukauke, halafu madoa, macho, kucha. Kivuli chenye kufifia taratibu, kile wanachokitaka walimu wa vyuo, hakiji kwa urahisi. Zinakuja rangi bapa zenye kingo kali, na nukta nyingi.

Je, wajua kwamba Tingatinga alichora kwa miaka minne tu? Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi waliomdhania mwizi anayekimbia. Aliacha wanafunzi wachache, wengi wao ndugu na watu wa kwao: Simon Mpata, January Linda, Kasper Tedo, Adeusi Mandu, Abdallah Ajaba, Omari Amonde. Hao wakafundisha wengine, na wengine wakafundisha wengine, na mwaka 1990 kikawepo chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga, palepale jirani na Morogoro Stores. Huko ndiko nilikokwenda.

Je, wajua kwamba unaweza kuhesabu mara ngapi mchoraji amechovya brashi? Nilimkuta mzee mmoja ameketi kwenye kigoda, kitambaa kimewambwa kwenye mbao nne, amekilaza mapajani kama mtu anayechambua mchele. Alikuwa anamalizia kanga, yule ndege. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetoka wapi, mwanangu?"

"Nduguti."

"Ndiyo wapi huko?"

"Mkalama. Singida."

"Singida! Na kuku wangu yuko wapi?"

Nikacheka, nikaomba radhi kwa ajili ya kuku, nikachuchumaa. Alikuwa ameigeuza brashi, anatumia mkia wake wa mti. Akauchovya kwenye kifuniko cha kopo chenye rangi nyeupe, akagusa shingo ya kanga: nukta ya kwanza nene, ya pili ya kadiri, ya tatu kama punje ya ulezi. Akachovya tena. Nene, kadiri, ulezi. Sikuona hata mara moja mkono ukisita. Nilipomtazama yule ndege kwa mbali niliona manyoya yanayopepea, na nilipomsogelea niliona tatu, tatu, tatu, kuanzia kidevuni hadi kifuani. Mpaka leo kila nikiona picha ya Tingatinga natafuta kwanza ile nukta ya tatu.

Je, wajua kwa nini ubao umeachwa? Ubao hauviringishwi. Mtalii ana begi la kilo chache, na picha ya kitambaa inaingia kwenye mrija ikasafiri salama. Mteja amebadilisha mgongo wa picha, na picha nayo imebadilika: siku hizi zipo ndefu kama mikeka, zenye kundi zima la twiga na Mlima Kilimanjaro nyuma. Ni nzuri. Lakini yule mnyama mmoja aliyebanwa kwenye mraba, anayekutazama kama amefungiwa chumbani kwako, amepungua, na mimi ninamkumbuka ingawa sikuwahi kumiliki hata mmoja.

Je, wajua lile swali linalowagombanisha wasanii wa Afrika Mashariki? Kunakili. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu mwaka 1932, aliyesoma Makerere na kuchora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la Murang'a, Kenya, akiwaweka watu na mandhari ya huko huko, amehubiri dhidi ya kunakili tangu ujana wake. Yeye na wenzake walianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, nyumba ya sanaa ambayo kila msanii alitakiwa aje na chake. Sasa mtu aliyelelewa na mafundisho hayo akiingia kwenye karakana ya Tingatinga, akaona chui ishirini wanaofanana kama vikombe vya seti moja, atashika kichwa.

Mimi sikushika. Niliuliza tu: "Mzee, huyu chui ni wako au wa yule pale?" Akajibu bila kuinua macho kwamba chui ni wa wote, ila nitazame masikio. Yule jirani yake huyaacha wazi katikati, yeye huyajaza rangi ya waridi. Nikaenda ukutani kukagua. Kweli. Baada ya nusu saa nilikuwa nawajua wachoraji watatu kwa masikio, kama unavyomjua mwimbaji wa kwaya ya kanisa lenu gizani, ingawa wimbo ni mmoja. Njau alikuwa na haki yake. Alikuwa anazungumza na wanafunzi waliofundishwa kuiga Ulaya. Lakini kumwambia mjukuu wa fundi asirudie mkono wa babu yake ni jambo jingine, na silikubali.

Je, wajua kwamba balozi wetu wa kwanza Uingereza alikuwa mchoraji? Sam Joseph Ntiro wa Machame, aliyezaliwa mwaka 1923. Alisoma Makerere chini ya Margaret Trowell, kisha chuo cha Slade, London, na Tanganyika ilipopata uhuru alipelekwa London kuiwakilisha. Mchoro wake wa mwaka 1956 wa wanaume wakimpelekea bibi harusi mbege ya ndizi usiku ulinunuliwa na Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York mwaka 1960. Watu wake ni wadogo, wengi, na wote wana kazi. Migomba ndiyo mikubwa.

Je, wajua kwamba mlinzi wa usiku anaweza kuamka msanii? George Lilanga alizaliwa mwaka 1934 Kikwetu, kusini, akajifunza kuchonga kama Wamakonde wenzake. Alikuja Dar es Salaam akapata ulinzi kwenye Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa mwaka 1972. Kabla ya miaka mingi kupita picha na vinyago vyake vilikuwa vinasafiri nje ya nchi. Mashetani yake yana masikio makubwa, matumbo yaliyotuna na miguu ya vidole viwili, na kila wakati yanafanya mambo ya mtaani: yanagombana, yanacheza, yanakunywa. Kisukari kilimwondolea miguu, akaendelea kuchora na kuwaelekeza wasaidizi hadi alipofariki mwaka 2005.

Je, wajua kwamba mwalimu mmoja wa Kenya aliacha chaki, majirani wakasema amechanganyikiwa, naye akajiita Mwenye Akili Timamu? Jina lake la kazi ni Sane Wadu, na Sane kwa Kiingereza ndiyo maana yake. Taasisi ya sanaa ya kisasa ya NCAI jijini Nairobi ilipofungua milango yake mwaka 2022, ilianza na yeye.

Je, wajua kwamba mwanzilishi wa taasisi hiyo, Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1984, hachorei turubai? Anachorea lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kutoka Uganda. Gome linavuliwa mtini, linalainishwa, linapigwa kwa nyundo za mti hadi litanuke na kulainika, na mti unafungwa majani ya mgomba upone ili uvuliwe tena mwakani. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005. Baganda hulitumia kuwasitiri wafu. Kutengeneza kwake kunaacha matundu, na mahali palipochanika hushonwa. Armitage hayazibi. Anapitisha rangi ya mafuta juu, tundu linabaki palepale, mara kwenye shavu la mtu, mara katikati ya anga, na mshono unapita kifuani kama kovu la upasuaji. Nimeziona kwenye vitabu na kwenye skrini tu, nakiri, na nadhani ndizo picha ambazo kitabu kinazionea zaidi, maana tundu likipigwa picha linakuwa doa jeusi.

Je, wajua kwamba kitambaa cha kanga kinasemekana kupewa jina la yule ndege, kwa sababu ya madoa meupe ya nguo za mwanzo? Mzee wa Oysterbay na nukta zake tatu, tumerudi kwako.

Na je, wajua kwamba mshindi wa tuzo ya Turner ya mwaka 2017 kule Uingereza alizaliwa Zanzibar? Lubaina Himid, mwaka 1954. Baba yake alifariki kwa malaria, mama akaondoka naye akiwa na umri wa miezi minne. Aliposhinda alikuwa na miaka 63, mwaka uleule walioondoa sharti la kwamba mshiriki asizidi 50. Mwaka 2018, mjini Gateshead, alitundika michoro mikubwa iliyofuata mpangilio wa kanga: pindo kuzunguka, mji katikati, na maneno mahali pa jina, maneno ambayo aliyachukua kwa washairi. Mtu aliyeondoka Unguja kabla ya kuota meno amechagua kuzungumza kwa pindo, mji na jina. Mama yangu, ambaye kwake kanga ni ya kufunga kiunoni, kubebea mtoto na kumsema jirani, nilipomsimulia aliuliza swali moja tu: yaliandikwaje? Nikamwambia ni mashairi ya Kiingereza. Akasema basi jirani hakuelewa.

Je, wajua kwamba Tanzania ilipata banda lake la kwanza la taifa kwenye maonyesho makubwa ya Venice mwaka 2024? Walioonyesha ni pamoja na Haji Chilonga, Happy Robert na Lute Mwakisopile. Uganda ilitangulia mwaka 2022 na ikatajwa kwa heshima na waamuzi, huku Acaye Kerunen akitundika kazi za ukili, mafunjo na nyuzi za mgomba zilizosukwa na akina mama. Vitu vya kufumia mkeka, Italia nzima imesimama inatazama.

Je, wajua kwamba mafuta ya alizeti hayamfai sana mchoraji? Hili limeniuma kidogo, kama mtu wa Mkalama. Rangi ya mafuta ya wachoraji hutegemea zaidi mafuta ya mbegu za kitani, ambayo yakipata hewa yanakauka kweli na kuwa ngozi ngumu. Ya alizeti yanakauka nusunusu, na polepole mno. Ndiyo maana kidumu cha mafuta kilichosahaulika jikoni kinanata nje badala ya kukauka. Alizeti iliyoingia kwenye historia ya uchoraji iliingia kama sura. Vincent van Gogh alizichora kule Arles, Ufaransa, kuanzia Agosti 1888, kwa njano yenye madini ya kromu ambayo mwanga umekuwa ukiipeleka taratibu kwenye rangi ya kahawia, na jumba la Amsterdam lenye moja ya picha hizo liliamua mwaka 2019 kwamba haitasafiri tena. Huku kwetu alizeti ikiwa kahawia maana yake imeiva, ita vijana wa kuvuna.

Je, wajua kwamba maonyesho makongwe kuliko yote yako karibu zaidi na Nduguti kuliko Dar es Salaam? Miamba. Mkoa wa Singida unayo yenye michoro, na jirani zetu wa Kondoa wanayo mingi hata UNESCO ikaiandikisha mwaka 2006: zaidi ya maficho 150 katika eneo la kilomita za mraba 2,336. Mary Leakey alikaa Kondoa mwaka 1951 akinakili michoro ile mstari kwa mstari. Myekundu watafiti wengi huihusisha na mababu wa Wasandawe na Wahadzabe, na baadhi ya Wahadzabe ni majirani zetu hapa hapa Mkalama. Watu wamechorwa warefu wembamba, vichwa vya ajabu. Myeupe ni ya baadaye, ya wakulima na wafugaji.

Rangi nyekundu ni udongo wenye kutu ya chuma, uleule unaochafua soksi za watoto wa shule kuanzia Julai. Umedumu maelfu ya miaka, kwa sharti moja: jabali liwe limejitokeza mbele kama paa. Ndilo lililowahifadhi wale watu wenye vichwa kama vya nyati katika pori la Swaga Swaga, Dodoma, waliobainishwa na mtafiti wa Poland, Maciej Grzelczyk, mwaka 2018. Maji na jua havikuwafikia. Kule Kolo, Kondoa, michoro imepambana na wanadamu: wengine walifika kutambika na kuomba mvua, jambo ambalo ni haki yao ya kale, na wengine walifika na sululu kutafuta hela ya Mjerumani iliyosemekana kufukiwa hapo. Hela hawakupata. Shimo lipo.

Je, wajua nani mchoraji wa Nduguti? Ni kijana anayechora mabango ya vinyozi. Kazi zake zinaonekana bure kutwa nzima: vichwa vinne vya wanaume vilivyonyolewa mitindo minne, mashine ya kunyolea kubwa kama kiatu, na mkasi umefunguka kama mdomo wa korongo. Vichwa vyote havina shingo na vyote vinatazama kushoto. Niliporudi nilimwendea, nikamuuliza kwa nini kushoto. Akasema kulia hajajua bado.

Nikamwomba anionyeshe vifaa. Rangi ni ile ya kupaka mageti, makopo matatu: nyeusi, nyekundu, nyeupe. Njano huazima kwa mpaka rangi wa maguta. Nyuma ya mlango alikuwa amesimamisha ubao, ameukinga kwa gunia la alizeti usimwagikiwe maji. Umebaki, akasema, kwenye dari ya nyumba moja pale juu, fundi alikata vibaya akampa. Nikaupima kwa mkono wangu, kiwiko hadi ncha ya kidole na kidogo zaidi, kisha upande wa pili. Futi mbili kwa mbili, au karibu sana.

"Nakuchorea nini, kaka?" akauliza, tayari anatikisa kopo.